Gego la Mwisho Lising'olewe Haraka

Huku Kabambare na Kasongo, jino likimsumbua mzee, neno la kwanza ni ling'olewe yaishe. Maumivu huisha kweli. Lakini kung'oa ni kazi ya dakika chache, na meno ya bandia hayapatikani kirahisi mbali na miji mikubwa; kwa hiyo pengo la leo mara nyingi ni la maisha.

Weka vidole mbele ya masikio, kisha fungua kinywa na ukifunge. Kinachosogea hapo ni kiungo cha taya. Kati ya taya la chini na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza pamoja na mfupa. Tunapotafuna, magego ya juu na ya chini hukutana na kupokea sehemu kubwa ya nguvu ya misuli. Yakiisha, mzee hutafuta pa kutafunia: husogeza taya mbele au hulemea upande mmoja. Misuli huchoka, na kiungo huweza kuuma au kukwaruza.

Si kila pengo huleta hayo. Nchini Tanzania, Sarita na wenzake walichunguza watu wazima 725 waliopungukiwa magego pamoja na 125 wenye meno kamili, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Kupungukiwa magego peke yake hakukuonekana kuleta ugonjwa wa kiungo. Maumivu na milio vilielekea kuongezeka pale magego yanayokutana yalipokwisha kabisa, upande mmoja au pande zote mbili. Kwetu tusio na uwezo mkubwa, hii ni habari njema: mzee hahitaji meno yote 32. Anahitaji jozi chache zinazokutana, kulia na kushoto.

Kuisha kwa magego hujificha kwa sababu bugali na sombe havihitaji meno mengi. Watu wa nyumbani huona mzee anakula, wasione kwamba ameacha nyama, karanga na mahindi ya kuchoma. Muulizeni ameacha nini.

Aliyebaki bila jino hata moja ana shida nyingine. Mfupa ulioshika meno hupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa, na taya la chini hupungua zaidi kuliko la juu. Kinywa hufunga kupita kiasi. Wengine hupiga mwayo na taya likatoka mahali pake, kinywa kikabaki wazi. Asipigwe wala kuvutwa. Apelekwe kituo cha afya upesi, maana likikaa nje muda mrefu, kulirudisha huwa kugumu. Mhudumu aliyefundishwa hulikandamiza chini, kisha hulisukuma nyuma.

Ninyi wauguzi wa vituo vyetu, kabla ya kushika koleo tazameni jino hilo linakutana na lipi. Likiwa gego la mwisho la upande wake, na bado lina nafasi ya kutibiwa, mgonjwa amwone kwanza mtaalamu wa meno.