Theluji ya Ziwa Erie
Nilidhani theluji ya Buffalo huanza Desemba. Novemba 2022 ikanitia adabu: Orchard Park, jirani tu, ilifukiwa na theluji ya takriban mita 2. Chanzo ni ziwa. Mwezi wa Novemba maji ya Erie bado yana mabaki ya joto la kiangazi. Upepo baridi ukiyapitia huzoa mvuke na kuumwaga nchi kavu kama theluji.

Jirani yangu, mama wa Kikongo, alinipa soksi za sufu. Za pamba zikilowa, baridi inakung'ang'ania. Koleo, akasema, lilale ndani ya nyumba.

Asubuhi nikafuta kioo cha gari, nikawasha, nikakaa nipate joto. Bomba la moshi la gari lilikuwa limefukiwa na theluji, na moshi ule, unaoweza kurudi ndani ya gari, una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mama akagonga dirisha kwa koleo: “Mwanangu, toka! Toka sasa hivi!”