Mhitimu wa chuo kikuu anapofika shuleni: siku ya mafunzo kazini ina kazi gani?

Kwa watu wa Ruvuma, jina la Matogoro linakumbusha mambo mawili: milima ambako mto Ruvuma unaanzia, na Chuo cha Ualimu Matogoro kilichopo Songea. Lakini si walimu wote wa shule zetu waliopitia vyuo vya ualimu. Sekondari nyingi za vijijini hupokea pia vijana waliomaliza chuo kikuu. Baadhi yao wameajiriwa na Serikali. Wengine wanajitolea, kwa posho kidogo au bila posho, huku wakisubiri ajira.

Pengine umewahi kusikia kwamba walimu hawa "wamekwenda kwenye mafunzo", nawe ukajiuliza: mtu aliyesoma miaka mitatu chuo kikuu anafundishwa nini tena?

Kwa nini shahada haitoshi?

Shahada inaonyesha kwamba kijana analijua somo lake. Kulijua somo ni jambo moja, na kumfanya mtoto alielewe ni jambo jingine. Chuoni alipata wiki chache za mazoezi ya kufundisha. Shuleni anakuta darasa lililojaa, vitabu vichache, na wanafunzi ambao Kiingereza cha kufundishiwa bado kinawapiga chenga.

Kuna sababu nyingine. Kuanzia Januari 2024, Tanzania Bara imekuwa ikiingiza mtaala ulioboreshwa kwa awamu. Mtaala huu unataka mwanafunzi aweze kutenda jambo, siyo kulikariri tu. Vijana wengi wanaoingia kazini leo walisoma kwa mtaala wa zamani, kwa hiyo wanatakiwa kufundisha kwa namna ambayo wao wenyewe hawakufundishwa.

MEWAKA ni nini?

Serikali ina utaratibu uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo huandaa miongozo yake. Mafunzo haya hufanyika shuleni kwenyewe, kwenye vituo vya walimu vinavyohudumia shule kadhaa za jirani, na pia kwa njia ya mtandao. Shuleni, walimu hukaa pamoja katika kundi liitwalo Jumuiya ya Kujifunza. Mwalimu mmoja huongoza mjadala, na wote huchangia.

Siku hiyo inakwendaje?

Siku nzuri ya mafunzo haina hotuba nyingi. Walimu wanaanza kwa kutaja mada inayowasumbua wanafunzi. Wanachagua moja, wanaandaa somo pamoja, kisha mmoja analifundisha mbele ya wenzake. Wenzake wanamwambia palipoeleweka na palipopotea.

Chukua mfano wa asilimia katika hisabati. Mwalimu mgeni anaweza kuandika kanuni ubaoni na kutoa maswali kumi. Mwenzake mzoefu anaweza kumshauri alete mfuko wa mbolea ya urea. Kwenye mfuko huo pameandikwa namba 46, maana yake asilimia 46 ya mbolea hiyo ni naitrojeni. Mfuko una kilo 50. Je, naitrojeni ni kilo ngapi? Jibu ni kilo 23. Mtoto wa mkulima wa mahindi ataikumbuka hesabu hiyo hata akiwa shambani.

Mwalimu mzoefu naye hatoki mikono mitupu. Mara nyingi kijana kutoka chuo kikuu ndiye anayemwonyesha namna ya kupata vitabu na masomo kwa simu.

Je, siku moja inatosha?

Hapana. Mafunzo ya siku moja yakiishia kwenye chai na picha ya pamoja, darasani hakuna kitakachobadilika. Faida inaonekana mwalimu anaporudi, anajaribu alichojifunza, mwenzake anakaa nyuma ya darasa kumtazama, kisha wanazungumza tena wiki inayofuata. Ndiyo maana ya neno "endelevu".

Je, mafunzo yanampa mhitimu ajira?

Hayampi moja kwa moja. Maombi ya ajira ya ualimu serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na mapema mwaka 2025 waombaji wa ualimu waliitwa kwenye usaili. Zamani wahitimu walisubiri kupangiwa vituo tu, lakini sasa lazima waonyeshe uwezo. Aliyezoea kufundisha mbele ya wenzake na kukosolewa hatatetemeka sana mbele ya wasaili.

Kumbuka pia: kuomba ajira kupitia mfumo huo ni bure. Mtu akikupigia simu akitaka "hela ya kupitisha jina", huyo ni tapeli.

Wewe mzazi ufanye nini?

Kwanza, ukisikia walimu wana mafunzo, usiseme wamekimbia kazi. Ila una haki ya kuuliza kwenye kikao cha wazazi: walijifunza nini, na darasani kimebadilika nini? Pia uliza vipindi vilivyokosa mwalimu siku hiyo vitafidiwa lini.

Pili, uliza kama mwalimu anayejitolea naye anashirikishwa. Mtoto wako hafundishwi na mkataba wa ajira. Kama anayeshika chaki kila asubuhi ni kijana anayejitolea, akiachwa nje ya mafunzo, anayepungukiwa ni mtoto.

Tatu, fungua daftari la mtoto jioni na umwambie akueleze somo la leo kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kukueleza, basi mafunzo yale yamefika hadi kwako.