Kujiunga, Kifurushi na Ada: Maneno ya Malipo katika Michezo ya Mtandaoni

Shelui ni mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, nao umekaa chini ya mlima Sekenke, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma na Singida kwenda Nzega na Mwanza. Wanyiramba, Wasukuma na watu wa makabila mengine hukutana hapo kwa kilimo, mifugo na biashara ya njiani, na Kiswahili ndicho kiungo chao sokoni. Katika mji huu, kama katika miji mingine ya Tanzania, neno kujiunga limepewa kazi mpya. Zamani mtu alijiunga na chama cha ushirika, na chama cha siasa, au na kundi la ngoma. Leo hujiunga pia na kifurushi cha simu, na akipenda hujiunga na mchezo wa mtandaoni uchezwao na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Tendo ni moja kwa jina, walakini masharti yake si mamoja. Makala haya yanakusudia kuieleza tofauti hiyo, kwa kuwa hudhihirika hasa siku mchezo unapofunguliwa, wakati mlipaji amekwisha kutoa pesa yake na mlango haufunguki.

Kwanza yafaa kueleza mchezo wenyewe. Mchezo wa namna hii haukai wote ndani ya simu au kompyuta ya mchezaji. Kilichomo mkononi mwake ni picha na sauti tu; mambo yatendekayo, yaani nani amekwenda wapi na nani amepata nini, hukumbukwa na seva, ambazo ni kompyuta za kampuni zilizowekwa mbali. Seva hizo hula umeme, huhitaji watu wa kuzitunza, na haziwezi kuzimwa usiku. Kwa sababu hiyo baadhi ya makampuni hayakutosheka na bei ya mara moja, bali yalitaka malipo ya kila mwezi. Ultima Online, uliotoka Marekani mwezi wa Septemba 1997, uliuzwa dukani kama bidhaa nyingine, kisha mchezaji akalipa dola 9.95 kila mwezi baada ya mwezi wa kwanza. World of Warcraft, uliofunguliwa huko tarehe 23 Novemba 2004, ulifuata njia hiyohiyo kwa dola 14.99.

Malipo haya ya pili yaitweje kwa Kiswahili? Lugha ina maneno mengi, na kila moja lina haki zake. Bei hulipwa mara moja, na kitu hugeuka kuwa mali ya mnunuzi. Kiingilio hulipwa mlangoni, nacho humpa mtu ruhusa ya kuwamo, si umiliki. Kodi ya nyumba hulipwa kwa muda. Mwenye nyumba hubaki mwenye nyumba, lakini amefungwa na wajibu wa kumpa mpangaji ufunguo. Ada ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni desturi. Katika Kiswahili likachukua pia maana ya malipo yanayotolewa kwa desturi, kama yale apewayo mganga, kungwi au mwalimu, na baadaye malipo ya uanachama na ya shule. Katika ada mna heshima ya pande mbili: atoaye ametimiza lililompasa, na apokeaye naye hana budi kutimiza lake.

Tena liko neno kifurushi. Furushi ni mzigo uliofungwa kwa nguo, na kifurushi ni mzigo mdogo wa namna hiyo. Makampuni ya simu yalilitwaa neno hili kwa maana ya fungu la dakika, ujumbe na intaneti linalouzwa kwa muda wa siku, juma au mwezi; vijana wengi husema bando, kutokana na Kiingereza. Sitiari yake ni nzuri, lakini ina upungufu mmoja. Furushi la nguo likiwekwa chini ya kitanda hukutwa lilivyo, bali kifurushi cha simu huisha hata kama hakikufunguliwa. Kinachouzwa si mzigo peke yake. Ni mzigo pamoja na saa.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapotokea. Mlipaji wa Shelui, kama walipaji wengi wa Tanzania, amezoea kulipa kabla ya kutumia, na kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Desturi hiyo ilianza na vocha za simu, ikaenea zaidi baada ya M-Pesa kuanzishwa nchini mwaka 2008. Katika desturi hii kunyamaza kwa mlipaji ni kukoma: asipotenda neno, kifurushi hufa, na hadaiwi kitu. Ada ya mwezi ya mchezo, kama ilivyozoeleka katika nchi za kadi za benki, ni kinyume chake. Kunyamaza kwa mlipaji ni kuendelea: asipokwenda mwenyewe kukataa, fedha hukatwa tena mwezi ujao, awe amecheza au hakucheza. Mambo haya mawili yaliyopingana hupewa jina moja, kujiunga. Mtu asomaye neno hilo kwenye kioo cha simu ana haki ya kulielewa kwa mazoea yake, na mazoea hayo yatamdanganya.

Isitoshe, kitenzi chenyewe kimepunguzwa. Katika kujiunga na ushirika, mtu alijiunganisha na wenzake, akalipa kiingilio, akapata sauti mkutanoni. Ajiungaye na kifurushi au na mchezo hana mkutano. Amebakiwa na wajibu wa mwanachama, yaani kulipa, bila haki ya mwanachama, yaani kuuliza.

Sasa yatazamwe matatizo ya siku ya ufunguzi. Msomaji aujuaye mlima Sekenke ataelewa upesi. Malori yaendayo Mwanza, na yale yaendayo Rwanda na Burundi kwa njia ya Nzega, hupita Shelui. Barabara itoshayo malori ya siku ya kawaida haitoshi yote yakifika kwa saa moja, na moja likiharibika katika kona, yaliyo nyuma hupanga foleni hata kama ni mazima. Seva za mchezo hupatwa na jambo hilohilo. Kampuni hukadiria idadi ya wachezaji watakaokuwamo kwa siku za kawaida, lakini siku ya kwanza karibu wote hufika pamoja na kubisha mlango mmoja, yaani sehemu ya seva inayohakikisha jina na malipo ya mtu. Akataliwaye haendi zake, bali hubisha tena na tena. Hivyo mtu mmoja huwa kama kumi, na mzigo huongezeka kwa sababu ya kushindwa kwenyewe.

Mifano haikosekani. Ultima Online ulipofunguliwa wachezaji walilalamika kwa ucheleweshaji na kukatikakatika, na mwaka 1998 baadhi yao waliishtaki kampuni mahakamani huko Marekani, wakidai kwamba hawakupewa kile walichoahidiwa. World of Warcraft uliuza nakala kama 240,000 katika siku ya kwanza, seva zikaelemewa, foleni zikawa ndefu, na kampuni ikawaongezea wachezaji walioathirika siku za bure. Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Final Fantasy XIV wa kampuni ya Square Enix ya Japani. Mwezi wa Desemba 2021 ilipotolewa sehemu mpya ya mchezo huo, iitwayo Endwalker, watu walingoja saa nyingi, na waliokuwa karibu kufika mbele ya foleni mara nyingine walitupwa nje. Seva mpya hazikuweza kuongezwa upesi, maana ulimwengu ulikuwa na upungufu wa chipu za kielektroniki. Mkuu wa utengenezaji, Naoki Yoshida, aliomba radhi. Wenye ada walipewa siku 7 za bure, kisha 14 zaidi, na uuzaji wa mchezo wenyewe ukasitishwa mpaka tarehe 25 Januari 2022. Muuzaji alikubali kuacha kuuza kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kumkaribisha mnunuzi. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Hapo ada ilihesabiwa kuwa deni la muuzaji, si zawadi ya mnunuzi.

Mchezaji aliyeko Shelui hupata shida ya ziada. Hata njia ingekuwa imenyooka, toka Dar es Salaam mpaka London ni kama kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi peke yake huchukua sehemu 75 katika 1,000 za sekunde, na njia halisi ya nyaya za baharini ni ndefu kuliko hiyo. Tena njia yenyewe yaweza kukatika. SEACOM, waya wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, pamoja na EASSy, zilipatwa na hitilafu tarehe 12 Mei 2024, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Hivyo baina ya mchezaji na mchezo pana mnara wa simu, pana waya wa nchi kavu na wa baharini, na pana seva. Vyote vyaweza kushindwa, na kila kimoja kina mwenyewe.

Walakini Kiswahili cha kila siku hulipa kosa lolote jina moja: mtandao unasumbua. Katika sentensi hiyo mtandao ndio mtenda, wala hatajwi kampuni ya simu, mwenye waya wala mwenye seva. Sentensi ni ya adabu, nayo humaliza ugomvi dukani kwa wakala. Lakini humwacha mlipaji bila mtu wa kumdai. Kifurushi chake kinaisha akiwa katika foleni, na siku za ada yake zinapita vilevile. Amelipa saa mbili, na zote mbili zinakwenda mlango ukiwa umefungwa.

Kwamba walipaji wa Tanzania wanajua kudai, hilo lilionekana mwezi wa Aprili 2021. Makampuni ya simu yalipoanza kuuza vifurushi kwa utaratibu mpya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, malalamiko yalitokea mara moja kwamba fedha ileile yanunua kidogo kuliko jana, na utaratibu huo ukasitishwa. Madai yalifaulu kwa kuwa jambo lilikuwa na jina na mwenyewe: bei ya kifurushi. Penye jina, dai lina mahali pa kushika.

Kwa hiyo waandaji wa istilahi na wafasiri wa programu wana kazi iliyo nyepesi kuliko kubuni maneno mapya, maana yaliyopo yatosha yakitengwa vizuri. Pasipo malipo, na iwe kujiandikisha. Penye malipo yanayokoma yenyewe, na iwe kununua kifurushi. Penye malipo yanayojirudia mpaka yakataliwe, na iwe kulipa ada ya kila mwezi, na kando yake iandikwe waziwazi namna ya kuisitisha. Kujiunga kubaki kwa wale wenye sauti mkutanoni. Na mchezo ukikwama, mlipaji aambiwe kama seva imejaa, au waya umekatika, au mnara umeshindwa, ili ajue ni mlango wa nani atakaokwenda kuubisha.