Ongezeko la Watu na Athari Zake kwa Mazingira

Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Muungano, ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Kati ya 2012 na 2022 idadi iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Gawanya 70 kwa 3.2 utapata takribani 22: ndiyo miaka ambayo idadi huchukua kuwa maradufu, kasi isipobadilika.

Swali likisema "eleza", usitaje tu. Kila mwaka nasahihisha majibu yasemayo "watu wakiongezeka misitu hupungua", bila kuonesha kwa vipi. Chukua mkaa unaopikiwa Dar es Salaam. Kijijini watu wengi huokota kuni kavu. Anayehamia mjini akaanza kununua mkaa hutumia miti mingi zaidi, kwa sababu mchoma mkaa hukata miti mibichi, na sehemu kubwa ya nishati yake hupotea ndani ya tanuri la udongo. Miti ikiisha kwenye vyanzo vya maji, mvua hutiririka badala ya kupenya ardhini. Udongo huishia mtoni, na kiangazi mto hupungua, wakati uleule jiji linapohitaji maji zaidi.

Usiilaumu idadi peke yake. Kaya mbili za watu sita, moja ikipikia gesi na nyingine mkaa, hazimalizi msitu kwa kasi moja. Hoja hii naikuta kwenye majibu machache mno.