Kilimo Haramu cha Bangi Kinavyokausha Vijito na Kuangamiza Samaki

Na Mwandishi Wetu

KILA zinapotolewa taarifa za kuteketezwa kwa mashamba ya bangi, mjadala wa wananchi huelekea zaidi kwenye afya ya vijana, uhalifu na upotevu wa nguvu kazi ya Taifa. Hoja hizo ni za msingi. Hata hivyo, ipo hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ile inayokipata kijito kinachopita chini ya shamba hilo pamoja na samaki wanaoishi ndani yake.

Mashamba haramu hayalimwi kando ya barabara kuu. Mlimaji wa bangi hutafuta mahali penye maficho na maji kwa pamoja, na mara nyingi mahali hapo huwa ni bonde la ndani katika mlima wenye msitu, jirani na chemchemi au kijito cha juu kabisa cha mto. Bahati mbaya, vijito hivyo vya juu ndivyo ambavyo samaki wa aina nyingi huvitegemea kwa kutaga mayai na kukuzia vifaranga.

Athari hizi zimefanyiwa utafiti wa kina kaskazini mwa Jimbo la California nchini Marekani, hususan katika kaunti za Humboldt, Mendocino na Trinity. Eneo hilo la milima na misitu limejulikana kwa kilimo cha bangi tangu miaka ya 1970, na ndilo lenye mito inayopandwa na samoni kutoka Bahari ya Pasifiki. Yaliyobainika huko yanasaidia kueleza kwa nini shamba dogo lililofichwa msituni linaweza kuleta madhara makubwa kuliko ukubwa wake.

Samaki anayehitaji kijito mwaka mzima

Ili kuelewa madhara hayo, ni vyema kwanza kufahamu maisha ya samoni aina ya coho. Samaki huyu hukulia baharini, kisha hurudi mtoni wakati wa mvua za majira ya baridi ili kutaga. Jike huchimba shimo kwenye changarawe ya kijito, hutaga mayai na kuyafunika. Vifaranga hutokeza katika majira ya kuchipua, lakini hawaendi baharini mara moja. Hubaki kijitoni kwa takriban mwaka mzima, na ndipo huteremka baharini. Wengi wao hurejea wakiwa na umri wa miaka mitatu, hutaga mara moja tu na kufa.

Maana yake ni kwamba kila kifaranga wa coho analazimika kuvuka kiangazi kizima ndani ya kijito. Trauti wanaohamia baharini, wanaojulikana huko kwa jina la steelhead, hukaa mtoni kwa mwaka mmoja hadi mitatu, hivyo wengine huvuka viangazi viwili au zaidi.

Samoni wa coho wa kaskazini mwa California na kusini mwa Oregon waliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya viumbe walio hatarini chini ya sheria ya Marekani. Ikumbukwe kuwa bangi haikuwa chanzo cha kwanza cha kupungua kwao. Uvunaji wa magogo, ujenzi wa mabwawa na barabara za msituni vilikuwa vimeharibu mito hiyo kwa miongo mingi. Kilimo haramu kiliongeza mzigo kwa samaki ambaye tayari alikuwa amedhoofika, tena katika msimu ambao hana pa kukimbilia.

Hesabu ya maji

Hali ya hewa ya kaskazini mwa California ina mvua nyingi wakati wa baridi na ukame wakati wa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni chache sana, na vijito huendelea kutiririka kwa maji yanayochuruzika kutoka ardhini. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo bangi inayolimwa nje hukua na kuhitaji kumwagiliwa. Kwa maneno mengine, mahitaji ya zao hupanda wakati ambapo maji ya kijito yameshuka hadi kiwango cha chini kabisa.

Mwezi Machi 2015, watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya California walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha mabonde manne ya vijito. Walitumia picha za satelaiti kuhesabu mashina ya bangi na nyumba za kuoteshea mimea, kisha wakalinganisha mahitaji ya maji ya mimea hiyo na mtiririko wa vijito. Makadirio waliyotumia yalikuwa lita 22.7 kwa shina moja kwa siku katika msimu wa ukuaji, ingawa kiasi halisi hutegemea ukubwa wa shina na namna ya umwagiliaji.

Matokeo yalionesha kuwa katika bonde lililoathirika kidogo kuliko mengine, mahitaji ya bangi yangeweza kupunguza hadi asilimia 23 ya maji katika siku saba za mtiririko mdogo kabisa wa mwaka. Katika mabonde matatu yaliyobaki, mahitaji hayo yalizidi maji yote yaliyokuwa yakitiririka katika kipindi cha kina cha chini.

Hesabu rahisi inaweza kulifafanua jambo hili. Kijito kidogo kinachotiririsha lita moja kwa sekunde hutoa lita 86,400 kwa siku. Kwa makadirio ya lita 22.7 kwa kila shina, mashina 3,800 yanatosha kuyamaliza karibu maji hayo yote. Hilo si shamba moja kubwa linaloonekana kwa mbali. Ni mashamba 38 yenye mashina 100 kila moja, yaliyotawanyika katika bonde moja, kila mlimaji akiwa na bomba lake la plastiki na akiamini kuwa anachochukua ni kidogo.

Kijito kinapogeuka vidimbwi

Kijito hakikauki kwa siku moja. Maji yanapopungua, sehemu za kina kifupi hukatika kwanza, na kijito kubaki vidimbwi visivyounganika. Samaki aliyenaswa katika kidimbwi hawezi kwenda kutafuta chakula wala maji ya baridi zaidi. Wadudu wa majini wanaoletwa na mkondo, ambao ndio chakula kikuu cha vifaranga, hukoma kufika. Msongamano huongezeka, na ndege pamoja na wanyama wanaokula samaki hupata mawindo kwa urahisi.

Aidha, maji machache hupata joto haraka. Utafiti uliofanyika katika vijito vinavyoingia Mto Mattole, uliopo kaunti ya Humboldt, na kuchapishwa mwaka 2001 ulibaini kuwa vifaranga wa coho walipatikana tu katika vijito ambavyo wastani wa joto wa wiki yenye joto kubwa zaidi haukuzidi nyuzi 16.7 za Selsiasi. Kupanda kwa nyuzi moja au mbili, jambo ambalo mtu akitumbukiza mkono hawezi hata kulitambua, kunatosha kumwondoa samaki huyo katika kijito.

Joto huleta tatizo jingine. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, ilhali mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Samaki hujikuta anahitaji zaidi huku kilichopo kikipungua, na anaweza kufa kwa kukosa hewa hata kabla kidimbwi hakijakauka.

Tope, mbolea na sumu

Madhara hayaishii kwenye wingi wa maji. Ili kupata nafasi ya kupanda, miti hukatwa, miteremko huchongwa na njia za magari hufunguliwa bila mitaro wala makalavati ya kutosha. Mvua za kwanza zinaponyesha, udongo huo huteremka kijitoni. Tope laini hujaza nafasi zilizo katikati ya changarawe, na mayai ya samoni yaliyofukiwa humo hukosa maji safi yenye oksijeni. Kwa namna hiyo, shamba lililovunwa na kuachwa Oktoba linaweza kuua kizazi cha samaki mwezi Januari.

Mbolea inayochukuliwa na maji hurutubisha mwani. Mwani unapostawi kupita kiasi na kisha kufa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na tatizo la hewa lililokwisha kuelezwa huzidi kuwa kubwa.

Sumu ndizo zinazotia hofu zaidi. Katika mashamba haramu yaliyofichwa ndani ya misitu ya umma ya California, maofisa wamekuwa wakikuta sumu za panya pamoja na viuatilifu vikali, vikiwemo vyenye carbofuran. Kemikali hiyo ni sumu kali kwa samaki na ndege, na matumizi yake katika mazao ya chakula yalisitishwa Marekani mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mnyama mdogo wa msituni wa jamii ya kicheche ulikuta mabaki ya sumu za panya katika mizoga 46 kati ya 58 iliyopimwa, na watafiti walitaja mashamba haramu ya bangi kuwa chanzo kinachowezekana. Sumu iliyomwagwa mlimani haibaki mlimani, kwa kuwa mvua huiteremsha hadi kwenye maji yanayotumiwa na samaki, mifugo na binadamu.

Tatizo la maji yasiyo na hesabu

Mtu anaweza kuuliza kwa nini lawama zielekezwe kwa bangi, wakati mazao mengine pia humwagiliwa. Jibu lipo katika neno haramu. Mkulima anayetambulika huomba kibali, hupangiwa kiasi cha maji na anaweza kuelekezwa kusitisha uchotaji mto unaposhuka. Anayelima kwa kificho hana kibali wala kipimo, na hakuna mamlaka inayoweza kumpangia zamu. Wasimamizi wa maji hugawa kile wanachodhani kipo, kumbe sehemu yake imekwishachukuliwa juu ya mlima.

Uzoefu wa California wenyewe unathibitisha hoja hiyo. Baada ya wapiga kura wa jimbo hilo kuhalalisha matumizi ya bangi kwa watu wazima mwezi Novemba 2016, bodi ya maji ya jimbo ilipitisha kanuni mwaka 2017 zinazowazuia wakulima wenye leseni kuchota maji ya mito na vijito kuanzia Aprili 1 hadi Oktoba 31. Wanatakiwa kuhifadhi maji ya msimu wa mvua na kuyatumia kiangazi. Hata hivyo, walimaji wasio na leseni wameendelea kuwepo, na kanuni hiyo haiwezi kuwalinda samaki dhidi ya mtu ambaye hayumo katika daftari lolote.

Funzo kwa mabonde yetu

Msimamo wa sheria nchini Tanzania uko wazi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imekuwa ikiendesha operesheni za kuteketeza mashamba katika mikoa mbalimbali, ikiwemo Morogoro, Arusha na Mara.

Tanzania haina samoni wa coho, lakini ina vijito vya milimani vinavyopungua maji wakati wa kiangazi kwa namna ileile. Vijito vya Milima ya Uluguru hulisha Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji kwa Jiji la Dar es Salaam. Upande wa Ziwa Victoria yupo ningu, samaki wa asili ambaye hupanda mito kama Mara wakati wa mvua ili kutaga. Idadi ya ningu imeporomoka sana, kwa kiasi kikubwa kutokana na uvuvi wa kupita kiasi. Samaki wa namna hiyo hawezi kurejea ikiwa mito anayotagia itaendelea kupoteza maji na kujaa tope.

Yapo pia matakwa mengine ya sheria ambayo kila mkulima, wa zao lolote, anapaswa kuyafahamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto kwa ajili ya umwagiliaji kuwa na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika.

Wananchi wanaoishi kando ya vijito ndio wa kwanza kuona dalili. Kijito kilichozoeleka kutiririka mwaka mzima kinakatika ghafla. Mabomba yasiyo na mwenyewe yanaelekea msituni. Maji yanabadilika rangi bila mvua kunyesha, au samaki wanaelea wakiwa wamekufa. Mwananchi anayeona dalili hizo asikaribie eneo husika wala kuokota vifungashio vya kemikali, na maji hayo yasinywewe wala kunyweshwa mifugo hadi wataalamu wayapime. Taarifa zitolewe kwa uongozi wa kijiji, Bodi ya Maji ya Bonde au Jeshi la Polisi. Taarifa zinazohusu kilimo cha bangi zinaweza kutolewa DCEA kwa kupiga simu ya bure namba 119.

Mche wa bangi hung'olewa kwa dakika moja. Changarawe iliyozibwa na tope husubiri misimu kadhaa ya mvua ili isafike, na kizazi cha samaki kilichokosa kiangazi kimoja hakirudi tena. Taarifa inayotolewa mapema, kabla ya kiangazi kukolea, ndiyo inayoweza kukiokoa kijito kikiwa bado kina maji.