Kamera Yenye Kituliza Mtikisiko: Inasaidia Kiasi Gani Mkononi?



Wakati wa kufunga mradi wa tangi la maji katika parokia moja tunayofanya nayo kazi, katibu wa kamati alinikabidhi picha 43 kwa ajili ya ripoti ya mwisho. Picha za tangi, zilizopigwa saa sita mchana, zilikuwa safi. Mtu angeweza kuhesabu matofali. Picha za makabidhiano, zilizopigwa jioni ndani ya ukumbi, karibu zote zilikuwa na ukungu. Na ile iliyohitajika kuliko zote, picha ya ukurasa wa daftari la michango wenye saini za wanakijiji, haikusomeka hata mstari mmoja.

Katibu ni mzee, na mikono yake hutetemeka kidogo. Alisema kwa unyonge, "Mwanangu, kosa ni la mikono yangu." Mwenyekiti alikuwa na pendekezo: fedha kidogo zilizobaki katika mradi zinunue kamera mpya, ile iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inazuia mtikisiko. Akaniuliza, "Je, kamera hiyo itauponya mkono wa mzee?"

Swali hilo tumeulizwa na kamati nyingine pia, na wafadhili wanaotaka kutuma kamera huuliza vivyo hivyo. Jibu fupi ni hili: kamera hiyo inaweza kuusaidia sana mkono wa mpiga picha, lakini haiwezi kuwatuliza watu wanaopigwa picha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama fedha zitatumika vizuri au zitapotea.

Kwa nini picha hutikisika?

Ndani ya kamera mna shata, yaani pazia linalofunguka kwa muda mfupi ili mwanga uingie. Mchana wa jua, muda huo unaweza kuwa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 500, ambayo huandikwa 1/500. Katika muda mfupi hivyo mkono haupati nafasi ya kusogea. Lakini ukumbini jioni mwanga ni mdogo, hivyo kamera huacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa mfano 1/15. Hapo kila mtetemo wa mkono huchorwa kwenye picha. Kwa hiyo picha za mzee hazikuharibika kwa sababu ya mkono wake peke yake. Mkono ule ule ulipiga picha safi za tangi mchana.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika kamera mkononi, muda wa shata usizidi 1 ikigawanywa kwa urefu wa lenzi katika milimita. Lenzi ya milimita 50 inahitaji 1/50 au haraka zaidi. Lenzi ndefu ya milimita 200, inayovuta vitu vya mbali, inahitaji 1/200, maana inapokuza picha inakuza na mtikisiko pia. Kanuni hii ilitokana na kamera za filamu za milimita 35, na ni makadirio tu. Mwenye mkono mtulivu huweza kuivuka, na mwenye mkono wa kutetemeka huhitaji kasi zaidi.

Kituliza hufanyaje kazi?

Kituliza mtikisiko kina vipima-mzunguko vidogo vinavyohisi kamera inapoyumba. Vipima hivyo hutuma taarifa mara nyingi sana kwa sekunde, na mota ndogo husogeza kitu kimoja upande unaotakiwa ili picha ibaki mahali pake. Kitu hicho ni kimoja kati ya viwili.

Katika aina ya kwanza, kinachosogea ni kioo kimojawapo ndani ya lenzi. Nikon ilitoa kamera ya filamu yenye mfumo huu mwaka 1994, na mwaka 1995 Canon ikatoa lenzi ya kubadilisha ya milimita 75 hadi 300 yenye mfumo wa namna hiyo.

Katika aina ya pili, kinachosogea ni kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha mahali palipokuwa na filamu zamani. Hiki ndicho kituliza kilicho ndani ya kamera yenyewe. Minolta iliingiza mfumo huu katika kamera ya DiMAGE A1 mwaka 2003, na mwaka 2012 Olympus ikatoa kamera ya E-M5 yenye kihisi kinachosahihisha mtikisiko wa namna tano: kuinama na kuinuka, kugeuka kushoto na kulia, kuzunguka kama usukani, kusogea juu na chini, na kusogea kando.

Kila aina ina faida yake. Kituliza cha ndani ya kamera hufanya kazi na lenzi yoyote utakayofunga, hata ya zamani, ingawa kwa lenzi ya zamani huenda ukatakiwa kuiambia kamera urefu wa lenzi hiyo. Tena kinaweza kusahihisha kule kuzunguka kama usukani, jambo ambalo kioo cha ndani ya lenzi hakiwezi. Lakini kwa lenzi ndefu sana kihisi hulemewa. Fikiria kamera imeyumba nusu nyuzi. Kwa lenzi ya milimita 50, picha husogea chini kidogo ya nusu milimita juu ya kihisi. Kwa lenzi ya milimita 300 husogea zaidi ya milimita 2 na nusu, na kihisi hakina nafasi kubwa ya kwenda. Kwa lenzi ndefu, kituliza cha kwenye lenzi huwa na nguvu zaidi, na kamera nyingi za sasa huunganisha vyote viwili.

Simu nazo nyingi zina kituliza cha kweli kinachosogeza lenzi au kihisi. Nyingine hutumia programu tu: hupiga picha kadhaa za haraka na kuziunganisha kuwa moja. Njia hiyo ni nzuri kwa jengo, ila mtu akisogea huweza kutokea kama kivuli.

Hatua za kwenye boksi

Matangazo husema kamera inatuliza kwa hatua 3, 5 au hata 8. Hatua moja ni kuongeza muda wa shata mara mbili. Tuchukue lenzi ya milimita 50 inayohitaji 1/50. Hatua moja inakuruhusu 1/25, hatua ya pili 1/12, ya tatu 1/6. Maana yake, kwa hatua 3 mwanga unaoingia ni mara 8 ya ule wa kwanza, na mkono bado haujaiharibu picha. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayepiga picha ndani ya kanisa lenye madirisha machache.

Hata hivyo, namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kilitoa mwaka 2012 kipimo cha pamoja, ambapo kamera huwekwa juu ya mashine inayoitikisa kwa kuiga mkono wa binadamu. Kipimo hicho ni cha haki kwa kulinganisha kamera na kamera, lakini mashine haijatoka kupanda mlima, wala haijasimama juu ya benchi linaloyumba. Namba kubwa kama 8 hupatikana kwa kamera fulani pamoja na lenzi fulani tu. Ni busara kupunguza hatua moja au mbili kutoka kwenye namba ya boksi unapopanga kazi yako.

Aidha, kituliza hakitoi dhamana kwa kila picha. Kinaongeza idadi ya picha nzuri katika kila kumi. Kama bila kituliza ulipata mbili kati ya kumi, huenda ukapata saba au nane, lakini bado kuna zitakazoharibika. Ndiyo maana inafaa kupiga tatu au nne za kitu kile kile.

Mahali kinaposhindwa

Turudi ukumbini. Kwa taa hafifu, lenzi iliyofunguliwa f/2.8 na ISO 400, kamera huweza kuhitaji kama 1/15. Kituliza kizuri kitaweka kuta, viti na bango la mradi vikiwa safi kabisa kwa muda huo. Lakini mgeni rasmi anapeana mkono na mwenyekiti, na akina mama wanapiga makofi. Mikono yao itatoka kama moshi, maana kilichosogea si kamera. Kwa watu waliosimama wametulia, 1/60 hufaa mara nyingi. Kwa anayehutubia kwa mikono, jaribu 1/125. Kwa watoto wanaokimbia, 1/500.

Kutoka 1/15 hadi 1/125 ni hatua tatu, na hapo kituliza hakina msaada. Dawa yake ni kupandisha ISO kutoka 400 hadi 3200 na kuvumilia chembechembe kwenye picha, au kuongeza mwanga kwa kufungua milango, kuwasha taa au kutumia flashi kwa karibu. Picha yenye chembechembe bado inaonyesha uso wa mtu. Iliyotikisika haionyeshi.

Udhaifu wa pili unahusu lile daftari. Ukipiga kitu kwa karibu sana, kusogea kwa kamera juu, chini na kando huharibu picha kuliko kuinama kwake. Vituliza vingi vya zamani husahihisha kuinama na kugeuka tu, kwa hiyo kwenye ukurasa wa daftari husaidia kidogo kuliko boksi linavyoahidi.

Udhaifu wa tatu: kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, baadhi ya vituliza hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza vyenyewe. Soma kitabu cha kamera. Kikisema zima, zima.

Jaribio la nusu saa

Kabla kamati haijanunua au kupokea kamera, tunashauri jaribio hili. Bandika kalenda ukutani, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Simama hatua tatu kutoka ukutani. Zima kituliza, kisha piga picha kumi kwa kila kasi: 1/60, 1/30, 1/15 na 1/8. Washa kituliza na urudie. Bonyeza kitufe nusu kwanza, subiri kidogo kituliza kitulie, ndipo ubonyeze chote. Kuza kila picha, kisha hesabu ngapi tarehe zake zinasomeka. Kasi ambayo saba kati ya kumi zinasomeka ndiyo mpaka wa mkono huo na kamera hiyo.

Halafu mwambie mtu asimame mbele ya kalenda na kupunga mkono. Kila mjumbe ataona mwenyewe kwamba kalenda inasomeka na mkono umepotea. Jaribio lifanywe na yule atakayeshika kamera siku zote, si na kijana wa dukani.

Yasiyogharimu kitu

Bana viwiko kwenye mbavu. Egemea nguzo au mwimo wa mlango. Toa pumzi taratibu, kisha bonyeza polepole, maana haraka haraka haina baraka hata kwenye kitufe. Weka kamera juu ya mfuko mdogo wa maharage mezani na utumie kuchelewesha kwa sekunde 2, ili kidole kisiitikise. Nyaraka zipelekwe mlangoni au nje kivulini, ambako mwanga ni mwingi. Kwa daftari, mambo haya hushinda kamera ya bei kubwa.

Kwa kamati na wafadhili

Ikiwa kazi yenu kubwa ni majengo, visima, mashamba na ndani ya makanisa, kituliza kina thamani. Kitafuteni kwa herufi kama IS, VR, OIS, SR au IBIS. Ikiwa ni mikutano, ngoma na watoto, tangulizeni lenzi inayopokea mwanga mwingi na kamera inayovumilia ISO kubwa. Angalieni kwanza simu za wajumbe. Huenda kituliza tayari kipo mfukoni. Na fedha zilizotolewa kwa ajili ya maji zisigeuzwe kuwa kamera bila idhini ya aliyezitoa.

Wafadhili wanaotaka kutuma kamera walizotumia tunawaomba waangalie kama ina kituliza, betri nzima na chaja yake. Tunawaomba pia wasiupime mradi kwa uzuri wa picha. Tangi lile linatoa maji, hata kama makabidhiano yake yalitoka na ukungu.

Kamati ile ilifanya jaribio kwa simu ya mjumbe kijana. Kwa 1/15 bila kituliza, mzee hakupata hata picha moja iliyosomeka. Kwa kituliza alipata sita kati ya kumi. Wakaamua kutonunua kamera. Daftari lilipigwa picha upya asubuhi, juu ya kiti karibu na mlango, na mzee mwenyewe, na saini zote zikasomeka. Makabidhiano hayakuweza kurudiwa, kwa hiyo ripoti ilikwenda bila picha yake, ikiwa na orodha ya majina ya waliohudhuria.

Kamati zitakazofanya jaribio zitutumie hesabu zao kabla ya toleo lijalo, zikitaja aina ya kamera au simu. Tutazipanga pamoja ili parokia nyingine zijue cha kununua, na cha kuacha.