Kuunga Alumini kwa Msuguano: Neno Lipi Linafaa?

Katika ukurasa huu tumezoea kuchagua jambo moja la kiufundi na kulieleza kwa Kiswahili, ili tuone lugha yetu inalibeba vipi. Safari hii tumechagua uungaji wa aloi mbili tofauti za alumini kwa msuguano wa kuzungusha, njia iliyopata umaarufu baada ya fundi Mrusi, A. I. Chudikov, kuionyesha mwaka 1956.

Kwanza tutazame kinachotendeka. Kipande kimoja cha mviringo hushikwa na mashine na kuzungushwa kwa kasi, kama kwenye kerezo. Cha pili hushikwa kisizunguke, kisha husukumwa mpaka nyuso zao zigusane. Msuguano huzaa joto, nyuso hulainika mithili ya udongo wa mfinyanzi, ndipo mzunguko husimamishwa ghafla na shinikizo huongezwa. Vipande hushikana. Yote haya ni kazi ya sekunde chache. Metali iliyolainika hufinywa nje na kufanya ukosi kuzunguka kiungo. Ukosi huo hutoka na uchafu pamoja na utando wa oksidi, na baadaye hukatwa.

Hapa ndipo mfasiri anapaswa kuwa macho. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi zake chini ya hapo, lakini katika kazi hii metali hulainika tu, haiyeyuki. Anayeandika "huyeyushwa na kuunganishwa" amefundisha kitu kingine kabisa, na fundi akimwamini ataongeza joto pasipotakiwa. "Kulehemu" nako kuna kasoro, kwa kuwa lehemu ni metali inayotiwa katikati, na hapa hakitiwi chochote. "Kuchomelea" kumezoeleka karakanani, ila humfanya msikilizaji awaze cheche na moto. Sisi tunapendelea "kuunga kwa msuguano".

Kwa nini metali isiyeyushwe? Chukua aloi 6061, yenye magnesiamu na silikoni, na 7075, ambayo kiungo chake kikuu ni zinki. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi, lakini ikiyeyushwa kwa umeme hupasuka kwa urahisi inapoganda. Isipoyeyuka, ufa wa namna hiyo huepukwa. Tatizo linalobaki ni kwamba 6061, iliyo laini, hutiririka zaidi na kufanya ukosi mkubwa, ilhali 7075 hujongea kidogo tu. Joto pia hupunguza ugumu wa metali iliyo karibu na kiungo. Ndiyo maana vipande hivyo vikivutwa, mara nyingi hukatikia upande wa 6061, kando ya kiungo.

Kuurudisha ugumu huo si rahisi. 6061 hupashwa hadi nyuzi 530 hivi, hupozwa kwa maji, halafu huivishwa kwa joto dogo kwa saa kadhaa. Lakini 7075 huweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 477! Joto linaloiponya moja huiharibu nyingine. Basi mhandisi huweza kuishia kwenye kuivisha peke yake, au akubali kiungo kilicho dhaifu kuliko aloi zenyewe.

Hilo la "kuivisha" tumeliazima kwa wauza ndizi. Wenzetu wa uhandisi wakiwa na neno bora, watuletee idarani.